Kuliandaa Darasa la Awali Limpokee Mtoto

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule ya kijiji, Kasulu au Kibondo, huenda akakabidhiwa darasa la awali lenye kuta nne, ubao, na madawati yaliyotengenezewa watoto wakubwa. Swali linalomjia kwanza ni fedha za vifaa zitatoka wapi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lipo swali linalotangulia hilo: mtoto akiingia humo siku ya kwanza, ataona kitu gani anachokijua, anachoweza kukifikia na anachoweza kukitaja?

1. Mtoto anayepokewa

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi. Ile ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, lakini watoto wengi wa nyanda hizi hukua wakisema Kiha, lugha iliyo karibu na Kirundi kuliko Kiswahili. Mtoto huyo ana maneno tele, ila hayajapata nafasi darasani. Akipitisha wiki za mwanzo bila kutamka neno, huzoea kunyamaza, na mazoea hayo aweza kuyachukua hadi Darasa la Kwanza. Kwa sababu hiyo, kuchagua vifaa vya chumba ni sehemu ya kufundisha lugha.

2. Vitu vya nyumbani

Tuchukue mfano wa ungo. Mtoto aliyemwona mama yake akipepeta maharage anaujua ungo kwa mikono na macho. Mwalimu hana haja ya kumweleza maana. Anamwongezea jina tu. Kinyume chake, picha ya garimoshi humtwika mtoto mizigo miwili kwa pamoja, yaani kitu kigeni na jina geni. Somo lifuate hatua tatu:

(a) Mtoto akishike kitu, akitumie, na akitaje kwa lugha yake.
(b) Mwalimu alipokee jina hilo bila kulikemea, kisha ataje la Kiswahili.
(c) Wote waunde sentensi fupi: “Mama anapepeta maharage.”

Mwalimu asiyejua Kiha awaulize watoto majina ya vitu. Hapo mtoto humfundisha mwalimu wake, na aliyefundisha haogopi tena kusema.

3. Mpangilio na kimo

Kona za ujifunzaji zaweza kuanza kwa vitu vichache. Kona ya nyumbani iwe na ungo, kikapu, kibuyu na chungu kidogo. Kona ya hesabu iwe na magunzi ya mahindi na vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, ambavyo seremala wa kijiji hubakiza. Kona ya ufinyanzi iwe na udongo uliolowekwa.

Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907, alitaka meza na viti vyepesi ambavyo mtoto mwenyewe aweza kuvihamisha. Kwetu mkeka hutimiza kazi hiyohiyo. Utandikwe maradufu asubuhi za baridi za Juni na Julai. Kabla ya kutundika chati, mwalimu apige magoti: panapolingana na macho yake hapo ndipo pa kutundika.

Darasa likizidi kiwango cha watoto 25 kwa mwalimu mmoja, makundi yapokezane kona, na kona mojawapo ihamishiwe barazani.

4. Usalama na hifadhi

Maharage na kokote huweza kuingia puani au masikioni. Yashonewe ndani ya vifuko vya kitambaa imara. Makopo yaliyowahi kutiwa dawa za mimea au mifugo yasitumike kamwe, hata yakioshwa. Chumba kikitumiwa na darasa jingine mchana, kila kona iwe na sanduku lake, nalo liinuliwe juu ya mawe ili mchwa wasilifikie. Wakati wa masika chati za karatasi zishushwe jioni, zisilale ukutani zikanyonya unyevu.

5. Kulipima darasa

Wingi wa vitu si kipimo. Kila jioni mwalimu aandike daftarini majina ya watoto ambao siku hiyo hawakusema lolote. Kesho yake akae nao katika kona waliyoipenda, huku wakishika vitu vyao. Jina likijirudia siku nyingi, mwalimu amwulize mzazi mtoto hucheza na nini nyumbani, na kitu hicho kiletwe darasani.

Mazoezi

1. Orodhesha vitu kumi vya nyumbani vipatikanavyo bila fedha katika kijiji cha shule yako ya mazoezi. Andika jina la kila kimoja kwa Kiha na kwa Kiswahili.
2. Chora ramani ya darasa lenye kona tatu, ukionyesha njia ya kupita na mahali pa mwalimu.
3. Andaa somo la dakika ishirini kwa kutumia kitu kimoja tu kati ya hivyo.