Pikipiki Nzito Nje ya Lami: Somo la Mguu wa Mwendeshaji Anayeanza

Ajali ya pikipiki inapotajwa, wengi hufikiria mwendo kasi, barabara ya lami na gari linalokuja mbele. Hata hivyo, lipo kundi la waendeshaji wanaoumia pikipiki ikiwa karibu kusimama. Hao ni wale wanaojifunza kuendesha pikipiki kubwa za safari kwenye mchanga, changarawe na matope. Mwendo ni wa mtu anayetembea na hakuna gari jingine karibu. Pikipiki hulala upande, mguu ukiwa chini yake, na kifundo cha mguu huvunjika.

Somo hili linaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, mwendeshaji ajifunze nini kabla ya safari, na mtoa huduma aangalie nini majeruhi anapofikishwa kituoni.

Pikipiki zinazozungumziwa

Pikipiki za safari ndefu zilianza kupata umaarufu baada ya mwaka 1980, kiwanda cha BMW kilipotoa modeli ya R 80 G/S iliyokusudiwa kupita kwenye lami na nje ya lami pia. Hubert Auriol, Mfaransa aliyezaliwa Addis Ababa, aliiendesha pikipiki ya kiwanda hicho na kushinda mashindano ya Paris-Dakar mwaka 1981, kisha tena mwaka 1983. Tangu hapo pikipiki za aina hii zimeongezeka uzito. BMW R 1250 GS ina kilo 249 ikiwa na mafuta. Honda Africa Twin ina uzito unaokaribia huo, na Yamaha Ténéré 700, ambayo huhesabiwa kuwa nyepesi, ina kilo zipatazo 204. Masanduku ya pembeni, maji na vifaa vya kulalia vikiongezwa, uzito huweza kupita kilo 280. Kwa kulinganisha, pikipiki nyingi za bodaboda hazifiki kilo 130.

Afrika Mashariki pikipiki hizi huonekana zaidi mikononi mwa wasafiri wanaovuka bara na wapenzi wachache wa mchezo huu. Hupita kwenye jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya, au kwenye njia za mchanga na majivu ya volkano karibu na Ol Doinyo Lengai, Tanzania. Anayeanguka huko hukutana kwanza na zahanati ya kijiji, na hospitali kubwa iko mbali.

Uzito unavyofanya kazi

Pikipiki iliyosimama wima ni rahisi kuishika, hata mtoto aweza kuizuia kwa mkono mmoja. Hali hubadilika inapoanza kuinama. Tuseme pikipiki ina kilo 250, kitovu chake cha uzito kiko sentimita 60 juu ya ardhi, na mikono ya mwendeshaji imeishika mita 1 juu ya ardhi. Kwa makadirio, ikiinama nyuzi 10, kuizuia ni sawa na kubeba kilo 26. Ikifika nyuzi 20, ni kilo 51. Ikifika nyuzi 30, ni kilo 75, na mwendeshaji amesimama kwa mguu mmoja juu ya ardhi inayoteleza.

Hapo ndipo penye hatari. Katika nyuzi chache za mwanzo mwendeshaji anaweza kuiokoa pikipiki yake. Nyuzi chache baadaye hawezi tena, lakini mwili wake haujatambua hivyo. Aliyezoea pikipiki nyepesi amekwisha kujifunza kwamba mguu ukishushwa chini, pikipiki husimama. Mazoea hayo huhamia naye kwenye pikipiki nzito, na huko humvunja.

Mguu unavyoumia

Mguu unaposhushwa kwenye mchanga, unyayo huzama na kushikwa. Pikipiki bado inasogea mbele kidogo, hivyo mguu hubaki nyuma na kifundo husokotwa. Wakati huohuo uzito unashuka kutoka upande. Mifupa ya kifundo, kano zinazoishikilia na goti huchukua mzigo ambao havikuumbwa kuuchukua. Masanduku magumu ya pembeni huongeza hatari, kwa sababu mguu ulioachwa nyuma hunaswa kati ya sanduku na ardhi.

Hata wajuzi hawajasalimika. Mwaka 1987 Auriol alikuwa akiongoza mashindano yaleyale, siku moja kabla ya kumaliza, alipopata ajali nchini Senegal na kuvunjika vifundo vyote viwili. Aliimaliza hatua ya siku hiyo akiwa juu ya pikipiki, lakini hakuweza kuendelea, na ushindi ukaenda kwa Cyril Neveu. Yeye aliumia akiwa mashindanoni. Anayeanza huweza kupata jeraha la aina hiyo akigeuza pikipiki mbele ya nyumba ya wageni.

Mambo ya kujifunza kabla ya safari

Jambo la kwanza ni kuiacha pikipiki ianguke. Mwendeshaji anapohisi kwamba imepita mahali pa kuokolewa, aachie usukani na kujisogeza mbali nayo, na mguu usibaki upande inakolalia. Kioo, kishikio cha klachi na vyuma vya kinga ya injini hununuliwa dukani. Kifundo kilichosagika huenda kisirudi kuwa kama zamani. Zoezi hili lifanyike kwenye uwanja laini, pikipiki ikiwa imezimwa na mwalimu akiwa karibu, mpaka mwili uache kupigana na uzito.

Jambo la pili ni kuinyanyua bila kuumiza mgongo. Injini izimwe na gia iingizwe ili magurudumu yasizunguke. Ikiwa imelalia upande wa kulia, stendi ya pembeni ifunguliwe kwanza, maana itahitajika pikipiki ikisimama. Mwendeshaji ageuke, aegemeze makalio kwenye kiti, achuchumae, ashike ncha ya usukani iliyo karibu na ardhi kwa mkono mmoja na sehemu imara ya nyuma kwa mwingine, kisha asukume kwa miguu akirudi nyuma hatua fupifupi huku mgongo ukiwa umenyooka. Akiwapo mwenzake, wanyanyue wawili. Aliyeumia asinyanyue kabisa.

Jambo la tatu ni kusimama juu ya vikanyagio. Mwendeshaji aliyesimama, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, huiacha pikipiki icheze chini yake bila yeye kutupwa. Macho yatazame mbali, mahali anapotaka kwenda, na yasikazwe kwenye jiwe analoliogopa. Kwenye mchanga mafuta yatolewe kwa utulivu na usukani usibanwe, kwa kuwa gurudumu la mbele hutafuta njia lenyewe. Breki ya mbele isibanwe ghafla, hasa usukani ukiwa umekatwa, kwani hapo ndipo wengi huangukia.

Mavazi hayana budi kuwa kamili hata kama safari ni ya kilomita 2. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri kidevuni hupunguza hatari ya kifo kwa kiasi cha asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69, kwa mujibu wa tathmini zilizokusanya tafiti nyingi. Buti ziwe ndefu, zenye nyayo ngumu na vyuma au plastiki ngumu kuzunguka kifundo. Viatu vya raba huacha kifundo bila ulinzi. Kwa kuwa mavazi haya hukusanya joto, mwendeshaji anywe maji kabla ya kuona kiu na apumzike kivulini. Anayeanza kuchanganyikiwa au kuyumba katika joto kali asimamishwe, avuliwe mavazi mazito na kupozwa kwa maji mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya.

Mara baada ya kuanguka

Wenzake wazime injini kwanza, kwa sababu mafuta huweza kumwagika. Kisha wainyanyue pikipiki kutoka juu ya mguu. Mguu usivutwe kutoka chini yake. Bomba la moshi huwa la moto, na ngozi iliyoungua ipoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala asali.

Kofia isivuliwe ikiwa majeruhi anapumua vizuri na hatapiki. Ikilazimika kuvuliwa ili apumue, watu wawili wahitajika: mmoja ashikilie kichwa na shingo visicheze, mwingine aivute kofia taratibu. Damu inayotoka izuiliwe kwa kugandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi.

Buti iliyo juu ya kifundo kilichoumia husaidia kukishikilia, hivyo huweza kulegezwa vifungo na kuachwa hadi kituoni kama hakuna damu na vidole havijafa ganzi. Damu ikionekana, au vidole vikipoteza hisia, buti ikatwe na kuondolewa.

Kwa mtoa huduma

Maelezo kwamba "alianguka polepole tu" yasimshawishi mtoa huduma kwamba jeraha ni dogo. Swali la maana zaidi ni pikipiki ilikuwa na uzito gani, na ilimlalia mguu kwa muda gani.

Kanuni za Ottawa, zilizobuniwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1992, husaidia kuamua nani anahitaji eksirei ya kifundo. Eksirei yahitajika ikiwa kuna maumivu kwenye eneo la kifundo pamoja na mojawapo ya haya: mfupa unauma ukibonyezwa kwenye ukingo wa nyuma wa jicho la mguu la nje au la ndani, kuanzia ncha hadi sentimita 6 juu, au majeruhi hakuweza kupiga hatua 4 baada ya ajali na hawezi pia akiwa mbele ya mtoa huduma. Kuchechemea huhesabiwa kuwa ni kuweza. Maumivu yakiwa katikati ya unyayo, hubonyezwa kitako cha mfupa wa unyayo unaoelekea kidole kidogo, na mfupa wa navikula ulio upande wa ndani. Kwenye zahanati isiyo na eksirei, kanuni hizi humwonyesha mtoa huduma nani apewe rufaa. Zisitumike kwa aliyelewa, aliyeumia kichwa, au aliyepoteza hisia mguuni.

Mvunjiko wazi, yaani jeraha lililofika kwenye mfupa, ni dharura. Antibiotiki ianzishwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 1. Kinga ya pepopunda ikaguliwe, jeraha lifunikwe kwa shashi safi yenye maji ya chumvi ya hospitali, gango lifungwe, na rufaa itolewe bila kusubiri kesho. Mapigo ya damu na hisia za vidole vipimwe kabla na baada ya kufunga gango.

Hatari nyingine hujificha. Mguu uliobanwa huweza kuvimba ndani ya utando unaozunguka misuli, mpaka damu ishindwe kupenya. Dalili ya mapema ni maumivu makali kuliko jeraha linavyoonekana, yanayozidi vidole vinaponyooshwa na mtoa huduma, na yasiyotulizwa na dawa. Mapigo ya unyayo kupotea ni dalili ya kuchelewa, hivyo kuwapo kwake kusimpe mtu amani. Bandeji zote zilegezwe, mguu uwekwe usawa wa moyo bila kuinuliwa juu zaidi, na rufaa ya upasuaji ifanywe mara moja. Misuli iliyokosa damu kwa saa 6 huenda isipone.

Aliyeangukia mkono naye achunguzwe. Maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa kiwiko, huashiria kuvunjika kwa mfupa wa skafoidi, hata kama eksirei ya kwanza haionyeshi kitu. Mkono ufungwe, na eksirei irudiwe baada ya siku 10 hadi 14.

Kwa mgonjwa aliye nyumbani

Mguu uliofungwa plasta huuma kidogokidogo, na maumivu hupungua siku hadi siku. Yakizidi, au vidole vikiwa vya baridi, vya bluu au vyenye ganzi, mgonjwa arudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Kifundo kisichuliwe wala kukandwa maji ya moto katika siku za mwanzo, kwa kuwa uvimbe huongezeka na mfupa uliovunjika husogea. Asirudi kwenye pikipiki mpaka daktari aruhusu, na mpaka aweze kusimama kwa mguu huo mmoja bila maumivu. Atakaporudi, aanze na pikipiki nyepesi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini pikipiki inayoanguka polepole huweza kuvunja kifundo?
2. Mwendeshaji afanye nini pikipiki ikishapita mahali pa kuokolewa?
3. Ni dalili gani ya mapema inayoonyesha kwamba damu haipenyi kwenye misuli ya mguu uliobanwa?
4. Majeruhi alichechemea hatua 4 baada ya kuanguka, na sasa anachechemea tena mbele ya mtoa huduma, lakini jicho la mguu la nje linauma likibonyezwa kwa nyuma. Je, anahitaji eksirei?

Jibu la swali la 4 ni ndiyo. Kuweza kutembea hakufuti maumivu ya mfupa, na dalili moja kati ya hizo yatosha kumpa rufaa.