SOMO: Tumtofautishe Mhalifu na Mwathiriwa

Haki za mwanamke mhamiaji na aliyesafirishwa kiharamu

Lengo la somo: Ukimaliza kusoma, uweze (1) kueleza usafirishaji haramu wa binadamu ni nini, (2) kutambua dalili zake mtaani na safarini, (3) kujua haki za mwanamke aliyeathiriwa, na (4) kujua pa kumpeleka.

Utangulizi

Garissa ni njia panda. Barabara itokayo Mandera na Wajir, na ile itokayo Liboi kupitia Dadaab, hukutana hapa kabla ya daraja la Mto Tana na safari ya kuelekea Nairobi. Tangu 1991 kaunti yetu imewapokea wakimbizi katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera. Ndugu msomaji, wengi wanaopita hapa ni watu wa kawaida wanaotafuta usalama, masomo au riziki. Lakini katika msafara huohuo wamo wanawake na wasichana ambao safari yao imo mikononi mwa mtu mwingine, na mara nyingi wao wenyewe hawajajua.

Maneno mawili yanayochanganywa

Kuvusha wahamiaji kimagendo ni kumpitisha mtu mpakani bila kibali, kwa malipo. Mvushaji akishalipwa na mteja akifika, kila mmoja huenda zake. Usafirishaji haramu wa binadamu ni jambo jingine: mtu huchukuliwa ili atumikishwe. Si lazima avuke mpaka. Msichana aliyetolewa kijijini Fafi akafungiwa katika nyumba mjini Garissa anaweza kuwa amesafirishwa kiharamu sawa na yule aliyepelekwa Riyadh.

Mara nyingine la kwanza hugeuka la pili. Vijana wetu wanaijua tahriib, safari ya kupitia Sudan na Libya kuelekea Ulaya. Mukhalas husema, “Twende, utalipa baadaye.” Huko mbele kijana huuzwa kwa magafe, na simu ya kudai fidia hupigwa nyumbani. Ndipo familia huuza ngamia na plot ili kumkomboa mtoto wao. Kwa msichana, deni hilo mara nyingi hudaiwa kwa mwili wake.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 inataka tuangalie mambo matatu:

• Kitendo: kumwandikisha, kumsafirisha, kumpokea au kumficha mtu.
• Njia: vitisho, nguvu, utekaji, uongo, kutumia vibaya mamlaka au unyonge wake, au kumlipa anayemsimamia ili akubali.
• Nia: kumtumikisha, kwa mfano kazi ya kulazimishwa, utumwa, unyonyaji wa kingono, ndoa ya kulazimishwa, ndoa ya utotoni, au kumwingiza katika vita.

Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwake si lazima kuthibitisha njia. Kitendo na nia vinatosha. Adhabu ya msafirishaji ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia kosa, ni kifungo cha maisha.

Mfano wa kujifunzia

Mfano huu si kisa cha mtu fulani. Umetungwa kwa ajili ya somo. Binti wa miaka 19 kutoka ng’ambo ya mpaka aliahidiwa kazi ya hoteli Nairobi na mama anayejiita shangazi. Nauli atakatwa kwenye mshahara. Walipofika Garissa, shangazi alichukua simu yake na kumwacha katika nyumba moja “kwa siku mbili.” Miezi minne imepita. Anapika, anafua, analea watoto na hajalipwa hata shilingi moja. Akiuliza, huambiwa deni limeongezeka na kwamba akitoka nje polisi watamfunga kwa kuwa hana karatasi. Usiku mmoja mlango ulisahauliwa wazi. Alikimbia hadi kizuizi cha barabarani.

Sasa tupime. Kitendo kipo: amesafirishwa na kupokewa. Njia ipo: alidanganywa, na unyonge wa kutokuwa na karatasi ulitumiwa kumfunga mdomo. Nia ipo: kazi ya kulazimishwa. Wengine watasema, “Si alikubali mwenyewe kupanda gari?” Sheria inajibu: kukubali kulikopatikana kwa uongo au kwa kitisho si utetezi kwa msafirishaji. Binti alikubali kazi ya hoteli, hakukubali kufungiwa.

Afisa aliye kizuizini ana njia mbili mbele yake. Anaweza kumwona mgeni asiye na kitambulisho, akamshtaki kwa kuwa nchini kinyume cha sheria. Akifanya hivyo, shahidi mkuu hurudishwa mpakani na shangazi hubaki akisubiri binti mwingine. Au anaweza kumuuliza maswali manne: Nani alikuleta? Uliahidiwa nini? Unalipwa? Unaweza kutoka ukitaka? Majibu yake yatamwonyesha mwathiriwa, na kifungu cha 14 cha sheria hiyo kinasema mwathiriwa hashtakiwi kwa kuwa nchini bila idhini, wala kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake.

Haki zake

1. Kuelezwa mambo kwa lugha anayoielewa. Katiba, Ibara ya 49, inampa kila anayekamatwa haki hiyo. Kama anajua Kisomali, Kioromo au Kiamhari tu, atafutwe mkalimani. Mkalimani asiwe mtu aliyekuja naye.

2. Matibabu. Aliyebakwa afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi. Asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari.

3. Siri. Picha na jina lake visirushwe kwenye vikundi vya WhatsApp, hata kwa nia ya kumtafutia jamaa. Anayemtafuta ndiye wa kwanza kuona picha hiyo.

4. Hifadhi. Anayehofia maisha yake akirudishwa kwao anaweza kuomba hifadhi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Ajitokeze kwa maafisa wa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi mara afikapo, au ndani ya siku 30. Asirudishwe kwa nguvu mahali penye hatari kwake.

5. Fidia. Mahakama inaweza kumwamuru msafirishaji kumlipa mwathiriwa gharama na hasara aliyopata. Sheria ya 2010 pia ilianzisha hazina ya kitaifa ya kuwasaidia waathiriwa.

Neno kuhusu maslaha

Wazee wetu wamezima magomvi mengi kwa maslaha, na kazi yao ni ya heshima. Lakini katika jambo hili tuseme ukweli. Maslaha hukaa baina ya pande mbili, kila upande na wazee wake. Mwanamke aliyeletwa kutoka mbali hana mzee katika kikao hicho. Atakayemsemea huenda ndiye aliyemleta. Mifugo ikitolewa, humwendea mtu mwingine, na yeye hurudishwa nyumba ileile. Ibara ya 159 ya Katiba inatambua njia za jadi za kutatua migogoro, lakini inakataza zitumiwe kuvunja haki za binadamu. Usafirishaji haramu ni kosa la jinai. Halifutwi kwa makubaliano ya mkekani. Mzee anayempeleka msichana kwa polisi au kwa afisa wa watoto ndiye aliyemlinda.

Kabla ya kwenda kazi Arabuni

Kazi ya nje si haramu, na wengi wamejenga nyumba kwa jasho lake. Kabla binti hajapanda ndege:

• Hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA). Usiridhike na cheti kilichobandikwa ukutani. Uliza NEA wenyewe.
• Mkataba uandikwe, asomewe kwa lugha anayoijua, na ushuhudiwe na afisa wa kazi kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka. Uoneshe mshahara, saa, siku ya mapumziko na jina la mwajiri.
• Asiende kwa viza ya utalii kufanya kazi.
• Nakala za pasipoti, viza na mkataba zibaki nyumbani, pamoja na nambari ya ubalozi wa Kenya wa nchi anakokwenda.
• Wekeni neno la siri. Akilitaja kwenye simu, mjue yuko taabani hata kama anasema ni mzima.

Dalili za kuangalia mtaani

Msichana haonekani nje peke yake. Hajui anwani ya anakokaa. Mtu mwingine humjibia kila swali. Hana simu wala karatasi zake. Wasichana wapya huletwa usiku na kuondoka baada ya siku chache. Dalili moja si ushahidi. Zikiwa kadhaa, toa taarifa.

Ufanye nini?

Usivamie nyumba wala kumkabili mshukiwa. Unaweza kumhatarisha msichana. Piga 999 au 112 kwa polisi, 116 kwa jambo la mtoto, au 1195 kwa dhuluma za kijinsia. Ukitaka kutoa habari kwa wapelelezi wa DCI bila kujitaja, piga 0800 722 203. Chifu, naibu wake na afisa wa watoto wa kaunti ndogo pia wanapaswa kukupokea.

Maswali ya kujadili katika baraza au kikundi

1. Kama binti wa mfano wetu angekuwa na miaka 16, ni jambo gani kati ya yale matatu lisingehitaji kuthibitishwa?
2. Shangazi anasema, “Nilimlisha na kumpa pa kulala, kwa hiyo hanidai.” Mtamjibu nini?
3. Mtaani kwenu, mwanamke asiye na ukoo hapa akigonga mlango usiku, atagonga wa nani? Kubalianeni jina kabla ya kikao kufungwa.