Altaneta ya Gari: Utunzaji Wake na Namna ya Kuibadilisha

Wakati wa mavuno ya vitunguu magari hupanda kutoka Mang'ola kuja Karatu mchana na usiku, nayo hufika yamegeuka rangi kwa vumbi. Mjomba wangu analo moja, Land Cruiser ya dizeli yenye injini iitwayo 1HZ. Jioni moja tulipokuwa njiani, taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri iliwaka mbele yake. Hakuijali, maana injini ya dizeli haizimiki upesi kwa kukosa umeme. Lakini kabla hatujafika Njia Panda giza liliingia, na taa kubwa zikafifia hata tukawa twafuata mwanga wa gari lililotutangulia.

Asubuhi gari lilisukumwa likawaka. Fundi mmoja akasema, "Mzee, ngoja tuone kama inachaji," akachomoa waya wa betri hali injini inanguruma. Taa zilimulika sana kwa nukta moja, kisha zikaungua, na altaneta nayo ikafa. Baadaye ilionekana kwamba ubovu wa kwanza ulikuwa mikanda iliyolegea tu. Naandika somo hili kwa sababu jaribio hilo bado lafanywa mahali pengi, na baadhi yetu tutakuwa mafundi.

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha huko London kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya huamsha umeme ndani yake. Magari ya zamani, kama Land Rover za miaka ya 1950, yalitumia dinamo, nayo ilitoa umeme kidogo sana injini ilipokwenda polepole. Kampuni ya Chrysler ya Marekani iliweka altaneta katika gari lake la Valiant la mwaka 1960, na wengine wakafuata.

Ndani ya altaneta, mkanda wa injini huzungusha sumaku ya umeme iitwayo rota. Waya zilizoizunguka, yaani stata, hutoa umeme uendao huku na huku. Betri haiwezi kuupokea umeme wa namna hiyo, basi hupitishwa kwanza katika dayodi, ambazo ni kama milango ifunguliwayo upande mmoja tu. Regulata nayo huchunga volti zisizidi. Sasa, betri ndiyo imezayo umeme unaozidi kwa ghafula. Ukiiondoa injini ikienda, volti huruka juu kabla regulata haijawahi kuzizuia, na dayodi huungua. Dinamo haikuwa na dayodi, ndiyo maana mafundi wa zamani waliizoea desturi ile.

Jaribio lililo salama lahitaji mita tu, tena ya bei ndogo yatosha. Katika gari la volti 12, pima betri injini ikiwa imezimwa na imepumzika: betri iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Washa injini, upime tena pale pale. Ukiona kati ya 13.8 na 14.4, altaneta yafanya kazi. Washa taa kubwa na feni. Volti zisishuke chini ya 13. Zikipita 15, regulata ni mbovu, na betri itachemka. Angalia pia ile taa nyekundu: yapasa iwake ufunguo ufunguliwapo na kuzimika injini inapowaka. Ikiwa haiwaki kamwe, usifurahi. Katika magari mengi umeme wa kuiamsha rota hupitia katika taa hiyo.

Kabla ya kuilaumu altaneta, tazama mikanda. Ikandamize kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ikibonyea kama sentimita moja, inafaa. Mkanda unaong'aa kama kioo huteleza hata ukikazwa. Gari la mjomba lina mikanda miwili, na yote hubadilishwa pamoja, maana mpya hubeba mzigo wote na wa zamani hufuata tu. Safisha vichwa vya betri. Vumbi letu hula kaboni ndogo zinazopeleka umeme kwenye rota. Zikiwa fupi, fundi wa umeme aweza kuweka nyingine, na altaneta ikaishi tena. Lipulizie hewa kavu vumbi hilo. Wale waoshao injini kwa maji ya nguvu baada ya safari wafunike altaneta kwanza.

Ikiwa hapana budi kuibadilisha, zima injini, ufungue waya wa hasi wa betri kabla ya kitu kingine cho chote. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche. Linganisha mpya na ya zamani: volti (kwa maana zipo Land Cruiser za volti 24), ampea, puli na matundu ya bolti. Nati ya waya mnene ikazwe barabara, maana ikilegea hupata moto. Waya wa hasi urudishwe mwisho. Betri iliyokwisha kabisa ichajiwe kwanza kwa chaja. Kuijaza yote ni mzigo mzito kwa altaneta mpya.

Katika 1HZ liko jambo moja zaidi, na hili ni la uhai. Nyuma ya altaneta imefungwa pampu inyonyayo hewa, nayo ndiyo hurahisisha breki. Pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini. Mpira wa oili ukivuja, oili huingia katika kaboni. Mpira wa hewa ukisahauliwa, breki huwa ngumu kama jiwe. Fikiri dereva akishuka Kreta ya Ngorongoro, kama mita 600 kutoka ukingoni hadi chini, akiwa na breki za namna hiyo!

Basi, kazi ikiisha, kanyaga breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa mpaka iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, uwashe injini. Ikishuka kidogo chini ya mguu wako, pampu inavuta. Isiposhuka, gari lisiondoke hapo. Mjomba alifanya hivyo mara tatu siku ile, ndipo akapakia magunia matupu na kuteremka tena Mang'ola.