NOFIO: KUOGELEA KATIKA LUGA YA WALES



Siku moja mwenzetu aliandika kwa ubao maneno matatu: nofio, nager, natation. Akasema yote ni ya mama moja. Sisi tukamucheka sana, tukasema hakuna hata mawili yenye undugu. Basi tulitafuta.

Nofio ni Kiwelisi, luga ya inchi ya Wales (kwa Kifransa Pays de Galles), kule Stanley alizaliwa, mji wa Denbigh, mwaka 1841. Maana yake ni kuogelea. Angalia: f moja kwao inasomwa kama v yetu. Ukitaka sauti ya f, unaandika ff. Kwa hiyo tunasema «novio», hapana «nofio» kama vile sisi wote tulisoma siku ile.

Zamani sana neno lilianza na sn-, na katikati lilikuwa na m. Waairlandi walichunga ile s: wao wanaandika snámh. Wawelisi waliacha s, na m ikalegea mpaka ikawa v. Ndiyo nawf, kuogelea kama jina, na nofio, kuogelea kama tendo. Wabretoni wa Ufransa nao wako na neuñviñ.

Muzizi ule ule uko katika Kilatini, nare na natare, na natare ndiyo ilizaa natation. Uko mpaka Uhindi: katika Sanskriti snati ni «anaoga». Hapa tulishangaa, sababu kuogelea yetu pia imetoka kwa kuoga! Hakuna aliyeazima kwa mwenzake. Ni maji tu yaliwafundisha watu njia moja.

Lakini nager? Ile ni mugeni. Imetoka kwa navigare, kuendesha chombo majini. Zamani Wafransa waliitumia kwa kupiga kasia pia. Inafanana na nofio kwa n tu, na n moja haifanye undugu.

Leo Mwelisi anasema «dw i'n nofio», ninaogelea. Pwll nofio ni piscine. Nofiwr ni muogeleaji. Na katika Biblia yao ya zamani, Matendo 27, pale merikebu ya Paulo inavunjika, wanaojua kuogelea wanatajwa kwa neno hili hili.

Mwenzetu ameomba tuandike hapa kama alipata mawili kwa matatu. Tumeandika.