TANI 6 NI KILO NGAPI?



Somo letu la leo ni la hesabu. Lakini msikimbie! Hesabu hii haikubaki ubaoni. Ilivunja daraja.

Sisi wa Bujora na Kisesa tunaishi kando ya barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Magu na Musoma. Malori tunayaona kila siku, na wengine wetu tunapakia mizigo humo: pamba, mpunga, dengu, mkaa. Baadhi ya madaraja huwekewa kibao cha duara chenye mzingo mwekundu. Ndani yake kuna namba, na pembeni ya namba kuna herufi "t". Tangu tumalize kisomo, namba hiyo tunaisoma bila taabu. Je, tunaielewa?

Hebu tusome habari ya dereva mmoja aliyeisoma lakini hakuielewa.

DARAJA LA PAOLI

Huko Marekani, katika jimbo la Indiana, kuna mji mdogo unaoitwa Paoli. Mji huo ulikuwa na daraja la chuma lililojengwa mwaka 1880. Hilo ni daraja la zamani kweli. Lilijengwa miaka 12 kabla Wajerumani hawajaanzisha mji wa Mwanza mwaka 1892. Wakati ule hapakuwa na malori duniani. Walioliunda walifikiria mikokoteni ya farasi na watu wa miguu. Baadaye magari madogo yalipita pia, nalo likastahimili. Wenyeji wakalipenda na kulitunza kama ukumbusho wa wazee wao. Wakaweka kibao: mwisho tani 6.

Tarehe 25 Desemba 2015, siku ya Krismasi, dereva kijana alipita mjini hapo na lori kubwa la tela. Alikuwa amebeba maji ya chupa. Alipotea njia. Ili kurudi alikotoka, ilimpasa apige rivasi na tela lile refu, na kazi hiyo hakuiweza vizuri. Basi akaona bora asonge mbele. Mbele kulikuwa na daraja.

Akaingia. Daraja likavunjika, lori na tela vikaanguka pamoja nalo. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Lakini daraja lililodumu miaka 135 liliondoka kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha uji.

Polisi walipomwuliza, dereva alieleza kwamba alijua kikomo ni tani 6. Ila hakujua tani 6 ni ratili ngapi.

Msimcheke, ndugu zangu. Yule alisoma shule, na alikuwa na leseni. Namba aliiona. Kilichokosekana ni hatua moja tu: kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine.

TUFANYE HESABU YAKE

Wamarekani hupima kwa ratili. Tani yao moja ni ratili 2,000. Kwa hiyo:

Tani 6 × ratili 2,000 = ratili 12,000.

Maji aliyopakia yalikuwa na uzito wa ratili 43,000. Huo ni mzigo peke yake, bila lori. Ukijumlisha lori na tela, jumla ilikaribia tani 30. Yaani daraja la tani 6 lilipewa mzigo kama mara tano ya uwezo wake. Ni sawa na kumtwika mtu mmoja mzigo wa watu watano, halafu kumwambia avuke mto.

Kwetu sisi hesabu ni nyepesi zaidi. Tani yetu moja ni kilo 1,000. Ukiona kibao cha "5 t", ongeza sifuri tatu: kilo 5,000. Basi. Shika hiyo na hutaisahau.

KWA NINI DARAJA LINAVUNJIKA LOTE?

Daraja la Paoli lilikuwa la kenchi. Kenchi tunazijua: ni zile mbao za pembetatu zinazobeba bati juu ya nyumba. Daraja la namna hiyo ni kenchi za chuma zilizosimamishwa kushoto na kulia, na njia inapita katikati.

Jaribuni wenyewe. Chukueni vijiti vitatu, mvigongomee misumari kwenye ncha ili vifanye pembetatu. Sukumeni: haipindi. Sasa chukueni vijiti vinne, mfanye umbo la mlango. Sukumeni: linalala upande. Ndiyo maana mafundi hupenda pembetatu. Zina nguvu bila kutumia chuma kingi.

Lakini pembetatu hizo zinategemeana. Chuma kimoja kinavutwa, kingine kinabanwa, na kila kimoja kina kazi yake. Katika madaraja mengi ya zamani hakuna chuma cha akiba. Kimoja kikikatika, mzigo wake unaangukia jirani. Jirani naye akishindwa, daraja zima linakwenda chini.

Jambo jingine: daraja halilii. Mnyama akizidiwa na mkokoteni husimama. Daraja hunyamaza. Leo lori limezidisha, likapita salama. Kesho tena. Dereva anasema, "Mbona tunapita siku zote?" Kumbe chuma kinachoka taratibu.

NA SISI JE?

Tusidhani haya ni ya Marekani tu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe, katika ziwa letu hili. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Namba ya uwezo ilikuwepo, watu wakaendelea kupanda. Paoli ilipotea chuma. Ukara tulipoteza ndugu.

Hata kitu kikubwa kina kikomo. Tangu Juni 2025 tunavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3. Hilo nalo lilipigiwa hesabu. Ndiyo maana kuna mizani barabarani. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori kubwa kabisa lisizidi tani 56 pamoja na mzigo wake. Mtu akikwepa mizani anadhani amemshinda askari. Kumbe anaumiza barabara na madaraja tunayopitia sote.

Tupige hesabu ya kwetu. Kijiji kina daraja la tani 5. Lori tupu lina kilo 3,500. Limepakia magunia 30 ya mpunga, kila gunia kilo 100.

Magunia: 30 × 100 = kilo 3,000.
Jumla: 3,500 + 3,000 = kilo 6,500.
Limezidi: 6,500 – 5,000 = kilo 1,500.

Kwa hiyo magunia 15 yashushwe, yavushwe kwa safari ya pili.

Lakini angalieni! Kama magunia hayo ni ya rumbesa, yaani yameshindiliwa mpaka kilo 120, basi hata magunia 15 ni kilo 1,800. Jumla inakuwa 5,300, na bado limezidi kilo 300. Rumbesa inampunja mkulima shambani, kisha inampunja tena darajani.

TUSIONE HAYA KUULIZA

Dereva wa Paoli alikuwa na nafasi mbili za kujiokoa. Ya kwanza, kumwuliza mtu: "Tani 6 ni kiasi gani?" Ya pili, kusema: "Kurudi nyuma nimeshindwa, nisaidieni." Hata moja hakuitumia, akasonga mbele. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

Na wewe uliye abiria juu ya magunia, au mwenye mzigo, usimwachie dereva peke yake. Kibao unakisoma. Kujumlisha unajua. Sema! Akikataa, shuka uvuke kwa miguu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kibao kinasema "8 t". Hizo ni kilo ngapi?
2. Lori tupu lina kilo 4,000, nalo limebeba marobota 25 ya kilo 180 kila moja. Je, livuke daraja hilo? Limezidi au limepungua kwa kilo ngapi?
3. Je, daraja la karibu na kijiji chenu lina kibao? Kama halina, ni nani wa kuambiwa? Andikeni barua fupi, mpeleke kwa mtendaji wa kijiji.
4. Kwa nini watu wanaendelea kupanda chombo ingawa wanaona kimejaa?