Berenil Iliyochanganywa Haiwekwi Akiba

Katika maboma ya wafugaji wa bonde la Usangu, chini ya Chimala, si ajabu kukuta chupa ya soda yenye maji ya njano: Berenil iliyobaki juzi, imewekewa ng'ombe atakayeugua kesho. Dawa hiyo usimchome mnyama.

Jina lake la kitaalamu ni diminazini. Inatibu nagana, inayoenezwa na mbung'o, na ule ugonjwa wa kukojoa damu unaoletwa na kupe. Ikiwa kavu ndani ya pakiti hukaa muda mrefu. Ikishaingia majini huanza kuvunjika, kwa sababu nusu zake mbili zimeshikanishwa na atomi tatu za nitrojeni, na kiungo hicho ni dhaifu. Maji yenye uchachu hukikata upesi, na kipande kimoja hugeuka diazoniamu, jamii ya kemikali aliyoigundua Mjerumani Peter Griess mwaka 1858. Diazoniamu haitulii: nitrojeni yake hutoroka ikiwa gesi, ileile iliyojaa hewani. Maabara huzitunza kemikali za jamii hii kwenye barafu, na baadhi zikikauka hulipuka. Berenil haitakulipukia. Itakufia kimyakimya, na joto la Usangu litaiharakisha. Watengenezaji huitia fenazoni, lakini hiyo huichelewesha tu kuharibika.

Rangi ya njano haikuambii nguvu iliyobaki. Mnyama akipata dawa hafifu, vimelea vinavyosalimika hujenga usugu, na safari nyingine hata dawa mpya inaweza kushindwa.

Kwa hiyo nunua kwa hesabu. Pakiti ndogo ya gramu 2.36 huchanganywa na mililita 12.5 za maji safi yaliyochemshwa yakapoa; kipimo cha kawaida ni mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, basi inamtosha ng'ombe mmoja wa kilo 250. Pakiti kubwa ya gramu 23.6 ni ya kundi. Mwenye mgonjwa mmoja anayeinunua kwa sababu ya unafuu wa bei anajitafutia hasara. Uzito kadiria kwa tepu ya kifuani, si kwa macho, na sindano iingie ndani ya msuli. Punda na mbwa hudhurika nayo kirahisi. Usiwachome bila mtaalamu.

Soma maelezo ya pakiti, changanya inayotosha leo, itumie leo. Iliyobaki ifukie mbali na mfereji, na kabla ya kumchoma mnyama muulize afisa mifugo kama ugonjwa ndio wenyewe.