Dondoo muhimu: Omba tathmini ya mwanao kwa maandishi

Mzazi wa Kericho au Bomet anayeona mwanawe anaachwa nyuma darasani asingoje mwalimu aanze. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kupata shule. Haki hizo hazina nguvu iwapo hakuna anayejua mtoto anahitaji nini, na kazi ya vituo vya tathmini na nyenzo za elimu (EARC), vilivyoanza mwaka 1984, ni kulijua hilo. Mwandikie mwalimu mkuu barua fupi ya kuomba tathmini, yenye tarehe na yale unayoyaona: kwa mfano, kwamba mtoto akikaa mbele hunakili vizuri, akikaa nyuma ubao humpotea. Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Ukikataliwa, Ibara ya 47 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Wapo wanaohofu kwamba tathmini humbandika mtoto jina baya. Hofu hiyo ina msingi, lakini asiyetathminiwa huwa keshapewa jina: mvivu, mjinga. Wengine, wachumaji wa majani chai, watasema siku ya kituoni ni siku bila kilo za kulipwa. Ni kweli, na ni hasara nzito. Basi uliza siku za tathmini mapema, ubebe cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na madaftari, usije ukarudishwa. Na mtoto anayezungumza Kipsigis nyumbani aulizwe kwa Kipsigis, la sivyo kitakachopimwa ni Kiingereza chake.